Kosea Huku Unakwenda

Katika msikiti wetu mdogo wa Kiponda, imamu akikosea ndani ya sala hasutwi wala havutwi kanzu. Maamuma walio nyuma yake husema "Subhanallah", naye hufahamu kuwa amepotea, hurudi alipotoka, na mwisho husujudu sijda mbili za kusahau. Sala hutengenea, na nje ya msikiti hakuna anayelizungumza tena. Nimeongoza sala pale kwa miaka mingi, na neno hilo nimelisikia nyuma yangu mara chache. Kwa hiyo siku niliyosimama kwa rakaa ya tano ya laasiri, sala yenye rakaa nne, nilipolisikia mara ya kwanza sikurudi. Nilidhani wao ndio waliokosea. Likaja la pili, likaja la tatu kwa sauti ya safu nzima, na mimi nimesimama mikono kifuani nikijiuliza watu hawa leo wamepatwa na nini.

Mwishowe nilikaa. Lakini hata baada ya salamu sikuwa na yakini. Nilitoka nje nikahesabu vidole, nikapata nne, nikahesabu tena nikapata tano.

Nayaandika haya sasa kwa kuwa mabaya yamepita, au nadhani yamepita, na kwa kuwa najua wapo wazee wenzangu waliokaa kwenye mabenchi ya hospitali wakiona haya kusema kuwa hawakumbuki kilichowaleta. Mambo ya kidaktari sitayaeleza, siyajui. Nitasema niliyoyapitia tu, na mahali ambapo mpaka leo sielewi nitasema kuwa sielewi.

Mimi ni mtu wa kukaa. Baada ya alfajiri nilikuwa nikikaa msikitini mpaka jua litoke, kisha nikikaa kwenye mkeka wa chuo, watoto mbele yangu, mpaka adhuhuri. Jioni nikikaa ukumbini kwangu, na watu wakija na maswali yao, hasa ya mirathi. Kugawa mirathi ndiko kulikonipa jina. Nilikuwa nikiambiwa nani kafa na nani kabaki, nami nikitoa mafungu bila kalamu, huku nikinywa kahawa. Mke wangu, Bi Mwanaidi, alikuwa akisema kuwa siku nitakayokwenda sokoni kwa miguu yangu, samaki watashangaa.

Na kweli, siku niliyokwenda ndiyo siku niliyopotea. Ilikuwa mwanzo wa masika, mvua imekatika kidogo. Nilitoka Kiponda kwenda Darajani, nikanunua changu wawili, nikarudi. Katikati ya vichochoro nikafika mahali ambapo kuta zote nilizijua na hakuna hata mmoja ulioniambia niende wapi. Nilizaliwa humo. Nikasimama na samaki wangu, maji yakinidondokea kwenye kanzu. Akapita mgeni, kijana wa Kizungu mwenye mkoba mgongoni na simu mkononi, wale ambao kila siku hutuuliza sisi njia. Aliniona, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kubabaisha kama niko salama. Nikamtajia mtaa. Akaangalia simu yake, akaninyooshea mkono. Mtu aliyeshuka kisiwani jana akanionesha njia ya nyumbani kwangu. Nilimshukuru, na nilipofika nikamwambia Bi Mwanaidi kuwa sokoni kulikuwa na watu wengi.

Naye akasema, "Haya," akawachukua samaki. Alijua. Nimekuja kufahamu baadaye kwamba alikuwa akijua mengi.

Binti yetu, Zuwena, ndiye aliyenipeleka hospitali. Kwa masika yote ile tulikaa kwenye benchi moja, ukuta wa kijani, televisheni inayoonesha watu wakizungumza bila ya sauti. Walinitoa damu, walinipima sukari na presha, waliniuliza leo siku gani, walinitaka nichore saa. Saa niliichora vizuri sana, ila mishale niliisahau. Waliponiuliza kitu, Zuwena alijibu kabla yangu, na hilo liliniuma kuliko sindano. Daktari alisema hali yangu bado si ile ya kupotewa na akili, bali iko njiani kama mtu aliyetoka nyumbani na hajafika. Akanipa dawa za presha na sukari, kisha akasema kuna jambo jengine ambalo haliuzwi dirishani. Akanituma chumba cha nyuma, kwa mtaalamu wa mazoezi.

Mtaalamu huyo ni msichana mdogo, jina lake Sabra. Aliniamkia shikamoo kwa adabu, nikasema marahaba, kisha akaniambia maneno ambayo hakuna aliyewahi kuniambia.

"Maalim, wewe umekaa sana."

Mpango wake ulikuwa huu. Mara tatu kwa wiki, asubuhi, tukutane kwenye viwanja vya Maisara sisi watu wa kukaa: karani mstaafu, mshoni, mama wa duka, na wengine. Tutembee kwa haraka, mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kusoma kasida. Na tukiwa tunakwenda hivyo, kichwa nacho kipewe kazi. Si kutembea kwanza kisha kufikiri. Vyote kwa pamoja.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema kuwa katika maisha vitu hivi haviji mbalimbali. Mtu anavuka barabara huku anakumbuka alichotumwa. Jibu hilo nililipokea, ingawa moyoni niliona ni mchezo wa watoto, na Zuwena alikuwa tayari ameninunulia raba nyeupe.

Kipupwe kilianza na mimi nikaanza nacho. Siku ya kwanza nilipita mtaani na kanzu yangu na raba, na kwenye baraza la kahawa mtu akaniuliza, "Maalim, umesajiliwa timu gani?" Mwengine akasema nicheze nyuma, mbele kuna mbio. Nilicheka nao. Nilipofika Maisara sikucheka tena. Baada ya mzunguko mmoja, misuli ya miguu ilikuwa ikiwaka na kifua kikipiga kama mtu anayegonga mlango. Ndipo Sabra akasema nihesabu kutoka mia kwa kurudi nyuma, nikitoa tatu tatu.

Mia. Tisini na saba. Tisini na nne. Nikafika tisini na moja, miguu ikasimama.

Sikuisimamisha mimi. Ilisimama yenyewe, kama punda aliyeona maji. Nilipoilazimisha iende, ilikwenda, lakini hesabu ikatoweka. Nikawa na kimoja katika viwili, sikuweza kuvishika vyote. Wiki tatu zilikwenda hivyo, na niseme kweli, nilitoka mule nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nyumbani niliweka miwani ndani ya birika. Nilimwita Zuwena kwa jina la dada yangu aliyekwisha fariki. Zuwena akasema bora nipumzike na yote, chuo nikiache, mirathi niiache, mazoezi niyaache. Bi Mwanaidi naye nilimuona akiuhamisha ufunguo wa mlango kutoka msumarini na kuutia kifuani mwake.

Sabra nilimwambia kuwa tiba yake inanizidisha. Hakukasirika.

"Usisimame, Maalim. Ukikosea, kosea huku unakwenda."

Nikamwambia mimi kazi yangu haikuwa ya kukosea. Akasema basi tutafute kitu cha kazi yangu, ila kisiwe kitu nilichokihifadhi, kwa sababu kilichohifadhiwa hutoka chenyewe bila kichwa kufanya kazi. Kiwe kitu ambacho kila mara ni kipya. Hapo ndipo nilipotaja mirathi. Akanipa na mwenzangu wa kuniuliza, kwa sababu kila mmoja wetu alipaswa kuwa na mwenzake.

Mwenzangu ni Fundi Yohana wa Jang'ombe. Ni seremala, babu zake walitoka Bara, ni Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na mgongo umemtoa kwenye kazi akawa anakaa tangu asubuhi mpaka jioni akitazama wenzake wanacheza bao. Yeye nilikuwa nikimuuliza mbao: kitanda cha futi nne kwa sita kinataka mbao ngapi, zimebaki ngapi, na akitaja jina la mti asilirudie. Yeye naye akaniulia watu wa kubuni.

"Kafa Mzee Kidevu," alikuwa akianza, akihema. "Kaacha mke, mama, mabinti wawili na ndugu mmoja mwanamume."

"Mafungu ishirini na nne," nikasema. "Mke thumuni, moja ya nane, tatu. Mama sudusi, moja ya sita, nne. Mabinti..." Miguu ikataka kusimama. "Mabinti thuluthi mbili, kumi na sita. Ndugu kinachobaki. Moja."

"Moja tu? Maalim, huyo ndugu bora angekufa yeye."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Kwa wiki moja Fundi aliweza kuua watu kumi na wawili, wote wana majina ya ajabu, wote wana wake wengi na mama wazima. Siku moja mama mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi alitufuata mpaka akatufikia, akashika kifua, akasema kwa huzuni, "Poleni wazee wangu. Msiba wapi?" Fundi akamjibu kuwa tunautafuta.

Mwezi wa pili wa kutembea, mshipi wangu ulisogea tundu moja. Vifundo vya miguu vikaacha kuvimba jioni. Nilianza kulala. Kichwa kilikuwa hakieleweki: asubuhi hii kimefunguka kama dirisha, asubuhi ya pili kimejaa pamba. Nilipatia mirathi ya watu saba nikasahau kama nimekula. Lakini miguu haikusimama tena. Hilo nililiona mimi mwenyewe kabla ya Sabra kuniambia.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kudondoka zile za asubuhi, na sisi tuko mzunguko wa tatu, Fundi alipomuua mtu wa kawaida kabisa.

"Kafa mtu," akasema. "Hana mtoto wa kumzaa. Kaacha mke mmoja, ndugu wawili wanaume, na mtoto wa kulea."

Fundi alilelewa na mjomba wake, ndiyo maana wakati mwengine huwatia watoto wa kulea ili niwape chochote. Nikamjibu upesi.

"Mtoto wa kulea harithi, isipokuwa aliyemlea awe alimuusia kitu. Na hampunguzii mtu. Mke robo, kwa kuwa marehemu hana mtoto. Ndugu zinazobaki, robo tatu."

Nikasimama.

Fundi akaenda hatua nne peke yake, akageuka. Akaniambia nikosee huku nakwenda. Nikamwambia sikukosea. Miguu safari hii haikusimama kwa hesabu, ilisimama kwa khofu. Kwa sababu mtu huyo nilimjua. Alikuwa ni mzee mmoja wa Fumba, aliyefariki wakati wa kaskazi, kabla sijapotea na samaki wangu. Aliacha mke, Bi Asha. Aliacha ndugu wawili, mkubwa wao Haji. Aliacha shamba la minazi arubaini, na binti wa marehemu dada yake, aliyekuwa akimlea naye akimwita baba. Na mimi ndiye niliyeitwa baada ya hitma kuwagawia.

Nikajaribu kukumbuka nilimpa Bi Asha fungu gani. Nilikumbuka mkeka. Nilikumbuka yule binti akileta kahawa na kuniuliza kama baba yake alikuwa akija kwangu kusoma. Nilikumbuka hata kikombe kilivyokuwa na ufa. Fungu sikulikumbuka. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, raba zimeloa, nikamuuliza Bi Mwanaidi, kwa kuwa siku ile tulikwenda pamoja na yeye alikaa ndani na wanawake.

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Ulisema thumuni. Minazi mitano."

"Una hakika?"

"Bi Asha alikuwa kakaa ubavuni mwangu. Aliposikia mitano alinishika mkono." Akaendelea kuchambua. "Na yule mtoto ulimuuliza jina mara tatu."

Nikakaa kitako. Nilielewa namna nilivyokosea, na namna yenyewe ilinitisha kuliko kosa. Thumuni ni fungu la mke aliyefiwa na mume mwenye mtoto. Nilimuona yule binti, akasema baba, nikampunguza mke kutoka robo hadi thumuni kwa sababu yake. Kisha nikakumbuka kuwa ni wa kulea, nikamtoa katika warithi. Lakini mke sikumrudishia. Mlango nimeufunga na mtu ameshabaki nje. Minazi mitano zaidi aliyopaswa kupewa mjane niliwapa mashemeji zake, kwa kinywa changu, na wote wakaitikia amin.

"Kwa nini hukunambia?" nikamuuliza mke wangu.

"Mirathi mimi nnaijua? Nliona tu kama hukuwa wewe." Ndipo alipoinua macho. "Na ningekwambiaje, mbele za watu?"

Siku tatu sikwenda Maisara. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa sijui nikiamini kichwa kipi. Kile cha kaskazi kilikuwa na uhakika, kilisema bila kusita na watu wakakisikiliza. Hiki cha vuli kinaweka miwani ndani ya birika. Nani aliyesema kuwa hiki ndicho kilichopatia? Niliifanya hesabu ile nimekaa, nimesimama, kwa kalamu, bila kalamu. Kila mara nilipata robo, na kila mara nilijiuliza kama nimeipata au nimeikariri. Zuwena alisema niliache jambo hilo, limekwisha pita, nikilifukua nitajivunjia jina na watu watasema Maalim amerukwa. Sikumlaumu. Alikuwa akinihurumia. Lakini mali ya mtu haipiti kwa kuwa mgawaji anaumwa, na Mwenyezi Mungu hatonihoji kuhusu jina langu.

Siku ya nne nilikwenda kwa rafiki yangu mmoja, mwanachuoni niliyesoma naye ujanani. Sikumweleza habari ya Fumba. Nilimpa swali tu. Akajibu bila kufikiri: mke robo. Nikamwomba aandike na atie jina lake. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaandika.

Fundi Yohana alikataa niende peke yangu. Alisema yeye ndiye aliyemuua yule mtu, hawezi kukosa maziko. Tulishuka garini mwanzo wa njia ya kijijini, kule ambako upande mmoja kuna nyumba mpya za ghorofa na upande wa pili bado kuna majani ya mihogo, tukaenda kwa miguu. Nilivaa raba. Njiani nilikuwa nikiyapanga maneno yangu, yakawa yanatawanyika, nikayapanga tena huku nakwenda.

Walikuwepo wote: Haji na mdogo wake uwanjani, Bi Asha mlangoni kwake, kwenye nyumba ambayo ni yake aliyojengewa na baba yake. Yule binti alituletea maji. Nilimuuliza jina mara moja, nikalishika.

Sikuzunguka. Niliwaambia kwamba niliwagawia vibaya, kwamba robo niliifanya thumuni, na kwamba minazi mitano iliyo mikononi mwa Haji na nduguye ni ya Bi Asha. Niliwaambia kuwa wakati ule nilikuwa naumwa na sikujua. Mdogo mtu aliangalia chini. Haji hakuangalia chini. Yeye ni mvuvi, mtu wa maneno machache, na hakuwa mtovu wa adabu.

"Maalim, nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Yule aliyetugawia kaskazi alikuwa mzima, na huyu anayezungumza leo ndiye mgonjwa? Au vipi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikijiuliza kwa siku zote zile, na sasa limesemwa na mtu mwengine, juani. Niliona Fundi anataka kunijibia, kama Zuwena alivyokuwa akinijibia hospitali. Nikamzuia kwa mkono.

"Sijui, Haji. Ndiyo maana sikuja na kichwa changu peke yake."

Nikampa ile karatasi. Aliisoma, akampa nduguye, naye akaisoma. Haji akasimama, akasema basi twende shambani. Nilidhani anataka kunitoa mbele za shemeji yake ili anifukuze vizuri. Kumbe alitaka kunipima. Alikwenda mbele kwa mwendo wa mvuvi, mrefu, na mimi nyuma yake kwenye mchanga, na akawa ananiuliza bila kugeuka. Kama marehemu angeacha wake wawili? Robo ileile, wanaigawana. Kama angeacha mtoto mmoja wa kumzaa? Basi thumuni, ingekuwa sawa nilivyosema mwanzo. Na huyu mtoto wa kulea kwa nini hampunguzii mke, naye anamwita baba? Kwa sababu anaita kwa mapenzi, na mapenzi yana haki nyengine, si hii. Robo ya arubaini? Kumi. Thumuni? Tano. Kinachobaki kwetu? Thalathini, kumi na tano kila mmoja. Nilikuwa nahema, jasho linaniingia machoni, nilijikwaa kwenye kifuu nikashika mti nikaendelea. Sikusimama. Sijui ilikuwaje sikusimama.

Tulipofika mwisho wa shamba, Haji alisimama mbele ya minazi iliyo karibu na kisima. Akaihesabu kwa kidole: mitano. Akasema hii nazi zake ameshaziangua mara mbili, zimeshauzwa na kuliwa, sasa afanyeje.

Bi Asha alikuwa ametufuata nyuma kimya kimya, kanga kichwani. "Nazi zishaliwa, shemegi," alisema. "Minazi ipo."

Haji akacheka kidogo. Ndivyo lilivyokwisha.

Nilimwomba Bi Asha radhi. Akasema amenisamehe kitambo. Nikamuuliza kitambo vipi, na mimi leo ndiyo kwanza nimekuja. Kisha akaniambia kwamba siku ile ile alijua fungu lake limepungua, kwa sababu mama yake alipofiwa na mume wa pili, asiye na mtoto, alipewa robo. Akaona labda kuna sababu ambayo yeye haijui.

"Mimi nani wa kumrekebisha Maalim?" akasema.

Nimeugua, nimetobolewa mikono kwa sindano, nimepotea mtaani kwangu. Hakuna kilichoniumiza kama maneno hayo, na aliyasema kwa heshima. Mke wangu aliona akanyamaza, mjane alijua akanyamaza, na mimi nilikuwa nikidhani kunyamaza kwao ni dalili kuwa nimepatia. Msikitini wasingenyamaza. Pale hata mtoto wa mstari wa nyuma ana wajibu wa kunena. Sisi wenyewe tumeufungia wajibu huo ndani tukitoka kuvaa viatu, na wazee kama mimi ndio tuliofunga.

Ramadhani imepita sasa, na kaskazi nyengine. Bado nakwenda Maisara. Sabra ananipima kila baada ya miezi michache, na safari ya mwisho nilichora saa na mishale yake, ingawa mmoja ulikuwa mrefu kupita kiasi. Siwezi kukwambia kama nimepona. Zipo asubuhi za pamba. Chuo nasaidiwa. Sala naongoza baadhi ya siku, na nimewaomba waumini wasingoje mara ya tatu. Mirathi sigawi tena peke yangu, nataka mtu wa pili na karatasi, na watu wa mtaa mwanzo waliona ajabu, sasa wamezoea. Ufunguo umerudi msumarini.

Wewe uliyekaa kwenye benchi ukisoma haya, sina dawa ya kukupa. Nitakwambia tu uinuke, utembee, na ukipewa cha kufikiri usikikatae kwa kuwa unaona haya kukosea mbele za watu. Na aliye nyumbani kwako akikuona unakwenda sipo, mruhusu aseme. Mwambie leo, kabla hujawa na haja naye.

Nilimsimulia Fundi habari ya imamu na maamuma tukiwa tunarudi kutoka Fumba. Alisikiliza sana, akauliza kama neno lile lina masharti, kama mtu asiye Muislamu akilisema ni vibaya. Nikamwambia kumtukuza Mungu hakuna ubaya kwa yeyote.

Jumatatu iliyopita, mzunguko wa pili, akamuua Mzee Kidevu kwa mara ya tatu au ya nne. Kaacha mume, akasema, kisha akajirekebisha, kaacha mke, na mtoto wa kiume, na mama. Nikatoa sudusi ya mama, nikatoa robo ya mke, nikawa naelekea kwa mtoto.

"Subhanallah," akasema Fundi Yohana, taratibu, kwa lafudhi yake ya Jang'ombe.

Nikarudi. Mke thumuni. Miguu ikaendelea.